Tulikwenda Kutazama Nini?



Likizo iliyopita nilisafiri na familia yangu kutoka Bujumbura hadi Gitega, kisha Muyinga, siku nne kwenda na kurudi. Hapakuwa na harusi wala msiba. Tulikwenda kutembea na kutazama, jambo ambalo katika ukoo wetu halijawahi kutokea. Kwetu mtu akifunga mzigo kwenda mikoani, ujue kuna maiti au kuna mahari. Nimerudi na swali ambalo tumelijadili na wenzangu baada ya Isha mara tatu bila kukubaliana, na ndilo ninaloliandika hapa. Mtu anayekwenda kutazama mahali palipotokea jambo, ana haki ya kuonyeshwa kiasi gani? Na yule anayejua kilichotokea pale, anaruhusiwa kunyamaza mpaka lini?

Aliyetaka safari ni baba mdogo. Anaishi Italia mwaka wa kumi na tisa sasa, na mara hii alikuja na mkewe na watoto wao wawili. Kule, wakipata likizo, hupanda gari wakaenda kuona miji ya kale: Roma, Siena, Assisi, na San Gimignano, mji mdogo uliokaa juu ya kilima, wenye minara ya mawe inayoonekana kutoka mbali. Mwanawe wa miaka 12 alitueleza habari za minara hiyo sebuleni kwetu Buyenzi kama mtu anayesimulia mechi. Zamani ilikuwa kama 72, leo imebaki 14. Ilijengwa na matajiri walioshindana, kila ukoo ukitaka mnara wake uwe juu kuliko wa hasimu wake. Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba.

"Kaka, huyu anajua ugomvi wa matajiri wa Italia wa miaka mia saba iliyopita, na hajui babu yake alifanya kazi gani."

"Alikuwa dereva," baba akajibu. "Kisha akauza vitenge."

Bibi alikuwa amekaa palepale akichambua mchele. Hakusema kitu.

Basi safari ikapangwa. Mafuta tuliyatafuta siku tisa. Msomaji aliye Burundi hahitaji maelezo zaidi. Bibi, ambaye ameshavuka miaka 70 na hapendi barabara, alikubali kwa sababu ya Muyinga tu, ndiko alikozaliwa na ndiko wazazi wake na babu walikozikwa.

Njia ya Gitega mnaijua. Mnapanda milima mpaka Bugarama, baridi inaingia, vijana wanakimbilia gari na mafungu ya karoti na kabichi, kisha Muramvya, kisha Kibimba. Pale Kibimba baba alisimamisha gari kwenye mnara wa kumbukumbu ulio kando ya barabara. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanafunzi wa shule ya pale walichomwa moto wakiwa hai. Mnara umejengwa ili msafiri auone na asikubali mambo yale yarudi. Binamu yangu akatoa simu kupiga picha. Baba akamwambia airudishe mfukoni, hapa si mahali pa picha. Baba mdogo akasema mwache, mnara umejengwa ili utazamwe, na picha ni namna ya kutazama. Wakabishana kidogo kwa sauti ya chini, kwa heshima ya mahali, na tukaondoka bila mshindi.

Mimi wakati ule nilikuwa upande wa baba mdogo. Bado niko upande wake kuhusu Kibimba. Waliojenga pale walikusudia tuone, na kupita bila kugeuza shingo ndio utovu wa adabu. Lakini Kibimba ni jambo jepesi, ukilinganisha na yaliyofuata, kwa sababu pale jiwe lenyewe linasema.

Gitega tulilala usiku mmoja. Asubuhi tuliingia Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, tukaona ngoma, vikapu, mikuki na picha za kale. Mchana tukaenda Gishora, kilomita chache nje ya mji, mahali pa ngoma palipowekwa na mfalme Mwezi Gisabo baada ya kumshinda chifu aliyemwasi, Ntibirangwa. Wapigaji walishuka na ngoma zao vichwani, wakazipanga nusu duara, na yule wa katikati akaruka juu kuliko umri wake ulivyoruhusu. Ngoma hizi zimo katika orodha ya urithi wa UNESCO tangu 2014. Dada yangu aliomba kushika fimbo mbili apige kidogo; akaambiwa kwa upole kwamba tangu amri ya 2017 wanawake hawaruhusiwi kupiga. Alinuna mpaka magharibi, na sikumlaumu.

Tulipokuwa tunarudi mjini, binamu yangu aliuliza swali la mtoto, na maswali ya watoto ndiyo yanayotuvua nguo. "Nyumba ya mfalme iko wapi?"

Haipo. Ikulu za wafalme wa kale wa Burundi zilikuwa za miti na nyasi, na mfalme hakuwa na makao mamoja. Alihama, na alikohama palirudi kuwa kilima. Kilichobaki mara nyingi ni miti mikubwa, mivumu iliyosimama pamoja, ambayo wazee waliiita ikigabiro na hawakuikata. Ukipita bila mtu wa kukuambia, unaona miti. Ukiambiwa, unaona ua wa mfalme, ng'ombe wakiingia jioni, watu wakisubiri kuhukumiwa. Na si mambo ya kale tu. Mfalme wa mwisho, Ntare wa Tano, aliuawa katika mji huohuo wa Gitega Aprili 1972, na hana kaburi linalojulikana. Tulinunua mishikaki mtaani, tukala, na huenda tulipita karibu naye.

Qur'ani inatuita mahali pengi tutembee katika ardhi na tutazame ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Nilikuwa nikidhani amri hiyo ina maana ya magofu: majumba yaliyochongwa mlimani, kuta zilizoanguka. Msafiri wa Italia anaweza kuitii kwa macho peke yake, maana hata uadui wa watu wa San Gimignano umeacha mawe ya kupigwa picha. Sisi nchi yetu haikuandika juu ya mawe. Atakayetaka kutazama Burundi itambidi aulize mtu. Jiwe ukilitazama haliumii. Mtu ukimuuliza, umegusa kidonda, au umegusa deni, na hujui ni kipi mpaka ameshajibu.

Siku ya pili tulishika njia ya Karusi kwenda Muyinga. Barabara ile inavuka mto Ruvubu. Sehemu hizo, katika tarafa ya Shombo, mkoa wa Karusi wa wakati ule, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki mwanzoni mwa 2020, ikatangaza kupatikana kwa mabaki ya watu 6,032, pamoja na risasi, nguo, miwani na rozari. Ni watu wa 1972. Msomaji ataona kwamba sitaji makabila katika makala haya, si kwa Kibimba wala kwa Ruvubu. Kila mtu anayajua. Nimeona tu kwamba tukishayataja, wasomaji huacha kuhesabu maiti na kuanza kuhesabu upande.

Tulisimama karibu na daraja watoto wanyooshe miguu. Mto ni mzuri, usipoambiwa kitu. Binamu zangu walishuka kupiga picha za maji. Baba mdogo akamfungulia bibi mlango. "Mama, shuka kidogo, miguu itavimba." Bibi akajifunika ushungi mpaka machoni.

"Hapa sishuki."

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema hapa sishuki."

Muyinga tulifikia mtaa wa Waswahili, kwa ndugu wa bibi. Jioni ile tulikula wali, watoto wakalala, na wakubwa tukabaki na chai. Baba mdogo, ambaye Ulaya imemfundisha kwamba kila jambo linazungumzika, akarudia swali la mtoni. Na bibi, ambaye hakuwahi kujibu swali la namna hiyo maisha yake yote, akajibu. Sijui kwa nini usiku ule. Labda ni kwa sababu alikuwa kwao.

Mwaka 1972 alikuwa bi harusi wa Gitega. Babu alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa pale. Mwezi wa Mei, saa ya magharibi, wanajeshi walikuja nyumbani wakataka lori na mtu wa kuliendesha. Alikwenda usiku tatu. Kila alfajiri alirudi, akachota maji kwa ndoo, akaosha lori nyuma, ndoo baada ya ndoo, kabla ya kutawadha. Bibi alimuuliza amebeba nini. Akamwambia: "Usiniulize." Hakumuuliza tena. Mwaka uliofuata walihamia Muyinga na babu hakushika usukani mpaka alipokufa. Sisi wajukuu tulikuwa tukimcheka kwamba anaogopa magari. Siku chache kabla ya kufa alimwambia mkewe neno moja tu: mahali. Mto upande gani, hatua ngapi kutoka kwenye mti gani. Bibi aliposikia redioni mwaka 2020 kwamba Tume inachimba kule, alikaa karibu na redio siku nyingi ili ajue kama ndipo. Hakujua. Redio haikutaja mti.

Ndugu msomaji, hapo ndipo utalii wetu ulipokwisha.

Sasa nije kwenye mjadala wetu wa baada ya Isha, maana wenzangu nao wana hoja, na hoja zao si nyepesi.

Mwenzetu wa kwanza, anayesoma sheria, alisema bibi alifanya sawa kunyamaza na alikosea kusema. Tumeamrishwa kuwasitiri waja, na maiti wetu tuwataje kwa mema yao. Babu amekwenda kwa Mola wake; hesabu yake haiko mikononi mwa wajukuu wanaokunywa chai. Mwenzetu wa pili akasema kinyume: ushahidi haufichwi, na Qur'ani inasema wazi kwamba anayeuficha moyo wake una dhambi. Miaka hamsini ni kuficha. Mimi nilikaa katikati ya hao wawili, na kwa muda mrefu nilidhani lazima nichague mmoja.

Kwanza nilijaribu kumhukumu babu, nikakwama. Wanazuoni wamelichambua suala la aliyelazimishwa. Aliyelazimishwa kutamka kufuru hali moyo wake umetulia juu ya imani, amesamehewa. Aliyelazimishwa kumuua mwenzake haruhusiwi kumuua, kwa sababu nafsi yake si bora kuliko ya huyo mwingine. Dereva anasimama wapi baina ya wawili hawa? Nikaona jibu linategemea jambo moja: je, aliowabeba walikuwa wameshakufa, au walikuwa hai wakipelekwa? Kama walikuwa maiti, alikuwa mbebaji wa jeneza lisilo na jeneza. Kama walikuwa hai, walisikia anavyobadilisha gia mlimani, na yeye aliwasikia. Nilimuuliza bibi. Hajui. Aliyejua alikatazwa kuulizwa, na aliyekataza ni yeye mwenyewe. Basi hukumu hiyo nimeiacha, na ninakiri kwamba niliiacha kwa nafuu fulani, kwa sababu ni babu yangu na alinifundisha alifu.

Lakini kadiri nilivyolirudia jambo hili, niliona kwamba ndani ya siri ya bibi yalikuwa yamefungwa mambo mawili katika fundo moja, na sisi tulikuwa tukibishana kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna alichofanya babu, na kuna mahali. Alichofanya babu ni chake. Ukikifunika umemsitiri, na mwenzetu wa kwanza ana haki. Mahali hapakuwa pa babu hata siku moja. Ni pa mtu fulani wa Gitega, mzee leo, aliyekuwa mtoto wakati baba yake alipochukuliwa, na ambaye hajawahi kujua asimame wapi amwombee. Yule mtu ana haki juu ya upande wa mto na hatua na mti. Hiyo ni amana iliyoingia nyumbani kwetu bila kuombwa, na amana hairithiwi pamoja na vitenge. Mwenzetu wa sheria alipinga kwamba huwezi kutoa mahali bila kutoa dereva. Watauliza nani aliona. Ni kweli, watauliza. Sina jibu kamili, ila naona kwamba ugumu wa kurudisha haki ya mtu haujawahi kuifanya iwe mali yako.

Linabaki swali la msafiri. Je, tulikuwa na haki ya kumuuliza? Hapa nimebadilika. Usiku ule nilimshukuru baba mdogo kwa ujasiri wake. Sasa nadhani aliuliza vibaya. Aliuliza kama mtu aliyelipa kiingilio, akitaka mlima umwambie habari zake kabla likizo haijaisha. Kesho yake, kabla ya chai ya asubuhi, alikuwa ameshaamua kwamba tumpeleke bibi kwenye Tume mara moja. Baba akasema hapana, tusubiri. Hakusema tusubiri nini, lakini sote tulielewa kwamba ni mpaka bibi afe. Naona baba amekosea kwa kauli na baba mdogo amekosea kwa haraka. Baada ya wiki tatu yeye angekuwa Italia. Bibi angebaki Buyenzi, na majirani, na midomo yao. Anayeuliza halafu akapanda ndege amemwachia mwenzake kulibeba jibu.

Na sisi tuliosikia? Hilo ndilo lililonishangaza. Kabla ya usiku ule shahidi alikuwa mmoja. Sasa tuko sita, na mimi nina miaka 23. Bibi akifa kesho, siwezi kusema sikujua. Nilikwenda Muyinga kuona alikozaliwa bibi yangu, nikarudi na upande wa mto.

Asubuhi ya mwisho tulizuru makaburi. Babu ana kaburi. Tunalijua, tulisafisha majani, tukamwombea maghufira, bibi akamwagia maji. Karibu nasi sokoni watu walikuwa wakinunua na kuuza, na malori ya Dar es Salaam yakipita kutoka mpaka wa Kobero. Watu wengi walikimbilia Tanzania mwaka 1972, na tena 1993. Wengi wa wale wa kwanza na watoto wao walipewa uraia kule mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000. Binamu yangu aliniuliza kama nao wanarudi kutazama. Nikamwambia wengine huja.

Tuliporudi, baba alitaka kupita njia ya Ngozi na Kayanza. Bibi akasema, "Hapana, mwanangu, pita tulikopita." Kwenye daraja la Ruvubu aliomba asimamishiwe gari. Alishuka mwenyewe, akasimama kando ya barabara na kuinua mikono, na akaomba muda mrefu kuliko alivyoomba kwenye kaburi la mumewe. Hakunyoosha kidole popote. Binamu yangu aliishika simu yake mkononi, hakuifungua.

Makala haya nimemsomea bibi kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Aliniambia nifute jina la mti, nikalifuta. Kuhusu kwenda Tume, amesema tumwache afunge Ramadhani kwanza, kisha tutazungumza.